Westerly Centaur ya 1973: malengelenge chini, sitaha laini juu. Ninunue?

Mtoto wa Mtongwe

Assalaam alaykum waungwana. Natafuta ushauri wa watu walioshika kazi hii kwa mikono yao.

Kule hori ya Mtwapa kuna boti ya tanga imepandishwa nchi kavu, chini ya mwembe, tangu kabla ya korona. Ni Westerly Centaur ya mwaka 1973, futi 26, yenye mikuku miwili, yale mapezi mazito ya chini. Mwenyewe ni mzee wa Kiingereza aliyeishi pwani miaka mingi. Sasa anarudi kwao kwa wanawe, na anataka shilingi 350,000 pamoja na matanga, nanga mbili na injini ya dizeli ambayo haijawashwa muda mrefu. Mimi ni fundi wa friji, pesa zangu ni za jasho. Lakini nimelelewa kwenye dau la babu mzaa mama, na siku zote nimetamani chombo cha kulala ndani, nimchukue mama watoto na wanangu tuende Kilifi au Wasini, tulale huko, turudi upepo ukitukubali.

Mambo mawili yananitia shaka. Chini ya mstari wa maji kuna malengelenge, mengi yako upande wa kulia, mengine yana upana wa sarafu ya shilingi ishirini. Na juu, pale mguuni pa mlingoti, sitaha inabonyea. Ukikanyaga unahisi inakwenda na mguu. Ndani kuna uvundo, na kwenye ngama, kule chini kabisa ndani ya boti, kuna maji ya mvua.

Nimepeleka mafundi wawili. Wa kwanza amesema nipige msasa, nipake rangi mikono miwili, nishushe majini. Wa pili amesema bodi yote ya chini isagwe halafu ivikwe mati mpya ya nyuzi za glasi na resini ya polista, kazi ya wiki moja, na bei yake inapita bei ya boti yenyewe. Wameniacha njia panda. Faiba ya miaka 50 na zaidi bado ina uhai, au nanunua jeneza?

Kapteni wa Tudor

Wa alaykum salaam ndugu. Kabla ya faiba, karatasi. Boti za wageni nyingi huingia kwa kibali cha muda, na kibali si malipo ya ushuru. Ukishanunua wewe mkazi, hilo deni litakutafuta wewe. Omba hati ya usajili, ulizia KRA, watu wa kodi, kama ushuru ulilipwa, kisha pita KMA, mamlaka ya vyombo vya baharini, wakueleze mambo ya usajili na ukaguzi. Mkataba uandikwe kwa wakili. Hayo yakinyooka ndipo urudi kwenye malengelenge.

Fundi wa Mji wa Kale

Mwanangu wa Mtongwe, hao mafundi wako wamepishana kwa kila kitu lakini wamesahau kitu kimoja wote wawili: hakuna aliyekwambia maji yameingilia wapi. Hilo ndilo swali. Boti ya faiba haiozi yenyewe. Maji huingia mahali, hukaa, na hapo ndipo uharibifu unapoanzia. Ukipaka juu ya maji au ukivika juu ya maji, umeyafungia ndani tu.

Mimi nimezaliwa nyumba ya kalafati. Baba alikuwa akiziba majahazi Bandari ya Kale kwa pamba, akiyapaka shahamu na chokaa chini, na mimi mtoto kazi yangu ilikuwa kumshikia nyundo. Baadaye nikaingia faiba na sijatoka mpaka leo. Nakwambia haya ili ujue sisemi kwa kusoma.

Kwanza nikutoe hofu. Centaur ni chombo cha maana. Ilichorwa na ofisi ya Laurent Giles ya Uingereza, ikaundwa kuanzia 1969 hadi 1980, na zilitoka zaidi ya 2,400. Inazama chini ya mita moja ya maji, na ile mikuku miwili inaisimamisha wima maji yakipwa. Kwa watu wa pwani hii, ambako maji makubwa ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, hiyo ni neema. Mwenye mkuku mmoja mrefu hutafuta kreni au ukuta wa kuegemea kila akitaka kusugua chini. Wewe utatafuta mchanga mgumu tu. Na waundaji wa miaka ile walikuwa hawajaizoea faiba, kwa hiyo waliitandaza bila ubahili. Bodi ni nene. Uhai upo.

Sasa malengelenge. Nyuzi za glasi hushikwa na resini, yaani gundi yake, na ile polista ya kawaida ya zamani hupitisha maji kidogo kidogo, miaka nenda miaka rudi. Maji yakishapita jelikoti, ile ngozi ya nje, hukutana na mabaki ya kemikali ndani, yakaanza kuivunja resini, pakazaliwa maji mazito yenye asidi. Hayo nayo huvuta maji mengine, presha ikapanda, ngozi ikavimba. Hiyo ndiyo osmosisi. Bahari yetu ni ya nyuzi 25 hadi 30, na joto huharakisha mambo.

Nenda na bisibisi yenye ncha. Vaa miwani ya kazi kabisa, kwa sababu lengelenge lililojaa linaweza kukurukia usoni. Toboa. Ukisikia harufu ya siki na maji yakateleza katikati ya vidole kama yana mafuta, ni osmosisi. Ukikuta pakavu, na jelikoti chini yake ni nzima, ni rangi imeachana na rangi, shida ndogo. Halafu paruza sehemu pana kama sahani mpaka ufike kwenye jelikoti, ubandike karatasi ya nailoni angavu, uzibe kingo zote kwa tepu, uache jua lipige. Ukirudi ukakuta matone ndani ya nailoni, bodi bado ina maji.

Utaniambia boti imekaa juu miaka yote hii, vipi isikauke? Haikauki, kwa sababu yale maji mazito si maji matupu. Yana vitu ambavyo havitoki kwa jua. Vinatoka kwa kufunguliwa na kuoshwa kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, tena na tena, siku baada ya siku, mpaka siki isisikike tena. Na hapa usikilize sana: maji baridi, siyo maji ya kisima. Visima vingi vya kisiwani na ufukweni vina chumvi. Ukiosha kwa maji ya chumvi unaacha chumvi ndani ya nyuzi, na chumvi huvuta unyevu hata chini ya rangi. Nunua boza, au mitungi ya mkokoteni, lakini kwanza yaonje. Nimeona kazi ya epoksi, ile resini ya aina nyingine, ya pesa nyingi imevimba upya, na aliyeifanya alikuwa mtu hodari. Kisima kilimponza.

Fundi wako wa pili nia yake nzuri, lakini wiki moja haikaushi bodi. Mati mpya ya polista juu ya bodi yenye maji itabanduka vipande vipande. Toboa, fungua, osha, kausha, kisha jaza mashimo kwa epoksi iliyochanganywa na unga wake, na juu upake epoksi tupu mikono mitano au sita. Epoksi hushika juu ya polista. Polista juu ya epoksi haishiki vizuri, kwa hiyo ukishaanza na epoksi malizia na epoksi. Kama kuna mahali panataka nguo ya glasi, tumia ya kufumwa, si ile mati ya nyuzi zilizokatwakatwa, maana gundi ya mati nyingi imetengenezwa iyeyuke ndani ya polista, haiyeyuki ndani ya epoksi.

Na usinisahaulishe: rangi ya zamani ya chini usiipige msasa kavu. Uingereza ilikataza rangi ya TBT, yenye sumu ya bati, kwa boti ndogo mwaka 1987, na dunia nzima ikaipiga marufuku 2008. Boti ya 1973 inaweza kuwa nayo katika matabaka ya ndani. Paruza ikiwa imelowa, tandika turubai chini, kusanya taka zote. Watoto wa jirani hucheza hapo, na kaa unaowala wanatoka kwenye hori hiyohiyo.

Lakini mimi, mwanangu, hayo malengelenge hayanikoseshi usingizi. Sitaha ndiyo inaniogopesha. Sitaha ya faiba huwa ni ngozi mbili nyembamba, katikati mbao, balsa au plaiwudi. Kila tundu la bolti ni mlango. Waundaji walitoboa, wakatia gundi ya kuziba, wakakaza. Gundi ikachoka, maji ya mvua yakaingia, mbao ikawa uji. Na mlingoti wa Centaur umesimama juu ya sitaha, uzito wote unashukia pale pale panapobonyea. Hapo si mahali pa kuahirisha.

Chukua mpini wa bisibisi, gonga polepole kuanzia omo hadi tezi. Mahali pazima panatoa mlio wa chungu kizima, palipooza panatoa mlio wa chungu chenye ufa. Zungushia chaki kila palipo na mlio mbovu. Ukimaliza, simama juu ya benchi utazame: utaona chaki imezunguka bolti, nguzo za pembeni, madirisha, mguu wa mlingoti. Hapo ndipo maji yalipoingilia. Utakuwa umepata jibu bila kumlipa mtu.

Kurekebisha: ng'oa kifaa, kata ngozi ya juu kwa uangalifu na uitunze, chimba mbao mbovu kwa patasi mpaka ufikie kavu. Weka plaiwudi ya baharini kwenye epoksi, rudisha ngozi, na kiungo kichongwe kwa mteremko, upana mara 12 ya unene, ndipo uvike nguo. Chini ya mlingoti usitie balsa kamwe. Tia plaiwudi ya tabaka kadhaa au faiba tupu. Na uingie ndani utazame nguzo na ukuta vinavyoubeba kutoka chini, kwa sababu ukitengeneza juu na chini kumelegea, mlingoti utashuka tena.

Kila tundu la bolti litoboe kubwa kuliko lilivyokuwa, lijaze epoksi, ikiganda toboa upya katikati yake. Hapo bolti inapita ndani ya epoksi, na maji hata yakipenya hayaigusi mbao. Fanya hivyo kwa kila bolti juu ya sitaha. Ni kazi ya kuchosha na haionekani, na ndiyo itakayoiokoa hiyo boti kuliko rangi yoyote.

Mtoto wa Mtongwe

Shikamoo Fundi. Jana nilienda na bisibisi. Siki tupu! Malengelenge matatu ya kwanza yalitoa maji ya rangi ya kahawia na harufu ile ile uliyosema. Nilipogonga sitaha, chaki ilizunguka mguu wa mlingoti na nguzo mbili za upande wa kulia, kwingine kote mlio mzuri. Na kisima cha pale kina chumvi, nilionja.

Maswali yangu: mikuku niikague vipi? Epoksi kwa joto hili si itaganda ndani ya kopo? Na matanga yapo kwenye magunia, meupe bado, niyaamini?

Bi Cherehani, Kilifi

Kaka, la matanga niachie mimi, ndiyo kazi yangu. Weupe usikudanganye. Tanga la Dakroni, nguo ya polista, la zamani hufa uzi kwanza, nguo baadaye. Jua la huku linakula uzi wa juu, kwa sababu mshono umesimama juu ya nguo na hauna pa kujificha. Pitisha ukucha wa kidole gumba kwa nguvu juu ya mshono, hasa ukingo wa nyuma na kwenye pembe tatu. Uzi ukikatika kwa ukucha, tanga lote lishonwe upya. Usinunue jipya, mwambie fundi akupitishie mishono mipya kando ya ile ya zamani. Kisha kamata nguo yenyewe sehemu iliyokuwa ikipigwa na jua sana, jaribu kuichana kuanzia ukingoni. Ikichanika kama karatasi, hapo ndipo tanga limekwisha.

Liangalie pia doa la utomvu wa mwembe na uchafu wa popo, kama yaliwahi kuachwa nje ya gunia. Lisuuzwe kwa maji baridi na sabuni laini, likaushwe kivulini. Dawa ya kung'arishia nguo usiitie. Na ukishaanza kusafiri, tanga likikaa nje ya gunia hata mchana mmoja lifunike. Turubai la kufunikia ni rahisi kuliko mshono, na mshono ni rahisi kuliko tanga. Kama una pesa ya ziada siku moja, kuna uzi wa PTFE, ile Tefloni, bei yake kali lakini jua haliufanyi kitu.

Fundi wa Mji wa Kale

Ahsante Bi Cherehani, umemaliza.

Marahaba mwanangu. Mikuku. Centaur ina udhaifu unaojulikana, nao ni pale mikuku inaposhikana na bodi. Mikuku imetanuka pembeni, kwa hiyo boti ikikaa mchangani uzito unaisukuma kwenda nje, na miaka ikipita bodi hunyumbuka pale. Fungua ubao wa sakafu, ingia na tochi, tazama kila bolti na faiba iliyoizunguka. Nywele za ufa zinazofuata mstari wa mkuku, au machozi ya kutu, ni dalili. Nje tazama kiungo chote. Halafu siku ya kuinyanyua kwa trekta au kreni, simama karibu uangalie kiungo wakati mikuku inaning'inia: kikifunguka hata kidogo, usiishushe majini kabla ya kuitia taruma za ndani, mbao zilizovikwa faiba zinazovuka kutoka mkuku mmoja hadi mwingine. Wenye Centaur wengi wamefanya hivyo na vyombo vyao vinaendelea. Kama bolti zenyewe zimelika, hiyo ni kazi kubwa, na bei ya mzee lazima ishuke.

Epoksi: kila joto likipanda nyuzi 10, muda wako wa kazi hupungua karibu nusu. Nunua hadina, yaani dawa ya kugandisha, ya polepole, ile ya nchi za joto. Changanya kidogo kidogo, pima kwa mizani, usikisie, na ukimaliza kuchanganya mimina kwenye trei pana, usiiache ndani ya kopo. Ikiwa nyingi ndani ya kopo moja hujipasha yenyewe mpaka itoe moshi. Fanya kazi alasiri, jua likishateremka, kwenye kivuli cha turubai. Asubuhi bodi huwa na umande, na ukipaka mbao asubuhi joto linapopanda, hewa iliyomo hutoka na kukuachia vitundu. Mkono wa pili upake siku hiyohiyo wa kwanza ukiwa bado unanata. Ukilala mpaka kesho utakuta utando unaoteleza juu. Uoshe kwa maji na brashi kwanza, kisha ndio msasa. Ukianza na msasa unausugulia ndani na rangi haitashika.

Glovu, barakoa ya chujio, mikono mirefu. Ngozi ikishaikataa epoksi haiikubali tena, na nimeona vijana hodari waliolazimika kuacha kazi hii kwa sababu hiyo. Vumbi la glasi nalo si la kuvuta.

Msimu. Usiingie kazini sasa kwa pupa. Januari na Februari ndiyo miezi yetu mikavu, kaskazi inavuma na mvua ni chache. Desemba paruza rangi na ufungue malengelenge, Januari osha, Februari kausha, na uwe umemaliza epoksi kabla ya masika kuingia. Ukichelewa mpaka Aprili, funika, ungoje, usilazimishe. Sitaha unaweza kuianza leo chini ya turubai, na ndiyo ningeianza, ili mvua isiendelee kuingia ndani wakati unahangaika na chini.

Valvu za chini ya maji zing'oe zote. Ile shaba ya njano ya mabomba ya nyumbani, bahari huila zinki yake ikabaki nyekundu na laini, unaivunja kwa mkono. Weka bronzi. Waya za mlingoti, kama mzee hana risiti ya karibuni, zihesabu zimekwisha. Kawaida hubadilishwa kila miaka 10 hadi 15, na hewa yetu ya chumvi haiongezi. Ukitaka kuhakikisha pitisha pamba juu yake, hasa zinapoingia kwenye vibano, usipitishe kiganja. Injini mimi si fundi wake. Izungushe kwa mkono. Ikizunguka kuna matumaini. Ikigoma, boti ya tani 3 unaweza kuianza na injini ndogo ya nyuma huku ukitafuta pesa.

Baadaye, kusugua chini hutahitaji mtu. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yetu hupwa kama saa nne au saa tano asubuhi na kujaa saa kumi jioni. Ingia na maji ya alfajiri yanapoanza kushuka, utie nanga mbele na nyuma, chombo kitakaa mchangani kimesimama, usugue, ubadilishe vile vipande vya zinki vinavyolika badala ya chuma, na jioni kitaelea chenyewe. Kagua hapo mahali kwa miguu siku ya kabla, maji yakiwa yamepwa. Jiwe moja chini ya mkuku linatosha kukuharibia bodi.

Ushauri wangu: nunua, ikiwa mikuku ni mizima. Lakini siyo kwa 350,000. Mwonyeshe mzee chaki juu ya sitaha na malengelenge uliyoyafungua, kwa adabu, mwambie 200,000, na umwombe akuachie zile stendi inazokalia na ruhusa ya kubaki chini ya huo mwembe mpaka Machi. Stendi usipoziomba sasa utazinunua, na kutengeneza mpya za chuma si bei ndogo.